Kofia za Meno za Lukozi

Jumapili ya gulio pale Lushoto mjini, Lusajo alisimama mbele ya marobota ya mitumba, na haja yake haikuwa nguo. Alikuwa anatafuta wajinga. Wajinga na nguo hupatikana sehemu moja, maana wote huja sokoni kwa wingi, na anayewahi asubuhi ndiye anayechagua.

Huyu Lusajo alikuwa mtu wa Tukuyu, aliyepanda milima ya Usambara kuwa karani wa mizani kwenye shamba la chai. Alipima majani ya wachumaji miaka sita, na katika miaka hiyo sita hakuna mchumaji hata mmoja aliyezidishiwa kilo kwa bahati mbaya. Kisha ukaja ubinafsishaji. Mwenye shamba mpya akaja na mizani yake na karani wake, na Lusajo akabaki na shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, na ulimi. Ulimi haubinafsishwi.

Siku hiyo muuza mitumba mmoja, Issa, alikuwa amefumua robota la vifaa vya michezo kutoka Ulaya. Jezi alizitundika, viatu alivipanga, na mfuko mmoja akautupa pembeni na maganda ya ndizi. Ndani mlikuwa na vidude vya plastiki, vimepinda kama kwato ya punda, vyeupe vya kuona ng'ambo. Lusajo akauliza ni nini.

"Vya mabondia," Issa akasema. "Wanaviuma wakati wa kupigana, meno yasing'oke. Huku kwetu nani anapigana kwa maandalizi?"

Lusajo akavihesabu, vikawa ishirini na vinne. Akavua mkanda wake wa ngozi, akampa Issa, akachukua mfuko. Alirudi Lukozi, kijijini alikopanga chumba, ameshika suruali kwa mkono mmoja, anapiga mluzi.

Sababu ya mluzi ni hii. Miezi miwili nyuma, kanisa la Lukozi lilipata mgeni, mama wa Kijerumani, mtu mzima wa miaka arobaini hivi. Siku ya kumkaribisha palipikwa pilau, na watu wote walimwona kwa macho yao: kabla ya kula, mgeni alichomoa mdomoni kitu cheupe kama kioo, akakiweka kwenye kikopo, akasema kinamnyoosha meno, na hukaa mdomoni saa ishirini na mbili kwa siku. Mgeni alilala kwa Bibi Efrazia, mlezi wa kwaya, na bibi huyo alimhoji mpaka mafuta ya taa yakaisha. Akaambiwa kwamba kila mtu hupimwa mdomo wake na kutengenezewa chake. Kwamba kimoja hakitoshi, hubadilishwa kila wiki mbili tatu, msururu mrefu, mwaka mzima na zaidi, daktari akiangalia. Kwamba kuna meno ambayo hayasikii plastiki, yanataka nyaya. Na kwamba hata yakishanyooka, ukijisahau hurudi yalikotoka, kama mbuzi.

Hayo yote aliyasikia Efrazia peke yake. Lukozi nzima iliona plastiki tu. Na Lusajo, ambaye kanisani hakuingia lakini pilau hakuikosa, aliona Lukozi ikiona.

Sasa, kila shamba lina mlango wake, na mlango wa Lukozi uliitwa Nathanaeli. Nathanaeli alikuwa na viazi vingi kuliko mtu yeyote upande ule, na alikuwa mwenyekiti wa kwaya. Sauti yake ilikuwa kama debe linaloburutwa kwenye kokoto, lakini ndiye aliyenunua spika, na spika zina sauti kuliko sauti yenyewe. Jumatatu ya Pasaka kwaya ingepigwa video na fundi kutoka Tanga, na Nathanaeli aliazimia kusimama mstari wa mbele, katikati. Tatizo lilikuwa meno. Meno yake yalikaa kama ndugu waliogombania mirathi, kila moja limempa mwenzake mgongo.

Hilo lilimtia uchungu, na uchungu wake akautua kwa mwingine. Glory, mjukuu wa Efrazia, msichana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa anaanzisha nyimbo zote, naye meno yake ya juu yalipandana kidogo. Nathanaeli akamwambia video ni kitu cha kuangaliwa, si cha kusikilizwa, kwa hiyo aende mstari wa nyuma. Glory akaitikia ndiyo mwenyekiti. Ila tangu siku hiyo hakuimba tena jikoni.

Lusajo akaja mazoezini na chupa ya chai yenye maji ya moto, taulo jeupe, na kidude kimoja juu ya sahani. Akaeleza kwamba hiki ndicho kile cha mgeni, na kwamba kinaitwa kofia ya meno.

Mzee Abrahamu, mwimba besi, mvuta ugoro, hakukubali. "Jino la mtu mzima ni kisiki cha mkaratusi," akasema. "Wananyooshwa watoto. Mimi na wewe tumeshakauka."

"Hapana, mzee wangu," Lusajo akajibu. "Hata la mtu mzima husogea. Fizi zikiwa nzima na mtaalamu akiwepo, husogea."

Hilo ndilo neno moja la kweli alilolisema Lusajo mwaka ule, na ndilo pekee lililopingwa. Walibishana naye nusu saa. Alipoanza kusema uongo, wakatulia, wakameza bila maji.

Wakauliza kama kofia moja inamtosha mtu. Akauliza wao kichwani huvaa ngapi. Wakauliza muda, akasema wiki tatu. Wakauliza kama inang'arisha, akasema inang'arisha na kuondoa harufu. Mmoja akauliza kama inauma, akasema inapouma zaidi ndipo jino linapokwenda mbio zaidi, na papo hapo Nathanaeli akataka kuvaa mbili kwa pamoja. Mzee Abrahamu, aliyekuwa hana hata jino moja la mbele juu, akauliza kwa aibu kama yeye naye ana fungu.

"Wewe ndiye hasa," Lusajo akasema. "Itayavuta ya pembeni yaje katikati. Si mnajongea kanisani benchi likibaki wazi?"

Mzee akaona ni kweli, huwa wanajongea.

Na hapa ndipo walipofanya kosa ambalo bondia wa Ulaya asingelifanya. Mwenyekiti akishavaa, kwaya ni sare. Hakuna kwaya ya milimani ambayo mmoja anavaa kitambaa cha bluu na mwingine cha njano. Wakavaa wote kumi na sita, wenye mapengo na wenye meno yaliyopangika kama punje za mahindi. Mwenye meno mazuri aliogopa kuulizwa kwa nini anajitenga na wenzake. Bei ilikuwa gunia la viazi kwa kofia, na gunia lenyewe lumbesa, lile la kujazwa mpaka likashonewa kilemba juu. Magunia yakawekwa ghalani kwa Nathanaeli. Mtu aliingia, Lusajo akaitumbukiza plastiki kwenye maji ya moto ikalegea, akamwambia uma, hesabu thelathini, tema. Ikashika alama ya meno. Watu wakatazamana. Ujinga ukishapata ushahidi huwa hauna dawa.

Kisha akatoa masharti. Kofia ikae mdomoni saa ishirini na mbili, itoke saa mbili tu za kula. Ikitoka nje ya saa zake, jino linakasirika na kurudi nyuma, na hapo kazi inaanza upya kwa kofia mpya, yaani gunia jipya. Masharti ya saa ishirini na mbili yalikuwa ya kweli ya mgeni. Lusajo aliyachukua kwa sababu aliishi milimani miaka sita na alijua kitu kimoja kuhusu watu wa milimani.

Huku mtu hamsalimii mkubwa wake na kitu mdomoni. Si muwa, si jojo, si kijiti cha meno. Unatema, unapangusa midomo, unasema shikamoo. Na salamu haiishii kwenye shikamoo. Unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za kabichi, za mvua, na unauliza hizo hizo kurudi. Kutoka madukani Lukozi mpaka kanisani kuna wazee si chini ya kumi, na wote wana muda.

Kwa hiyo Lusajo alikaa tu kwenye benchi pale njia panda. Hakuhitaji kwenda popote. Waimbaji walipita mmoja mmoja, mkono nyuma, kofia kwenye kiganja.

"Umeitoa?" anauliza kwa upole.

"Nimekutana na mama mkwe."

"Ukamsalimia mdomo mtupu?"

"Sasa ningefanyaje, daktari?"

"Pole sana. Mila ni kitu kizuri. Ila jino halijui mila."

Gunia jingine. Zile kofia zilizoharibika alizikusanya, akazichemsha katika sufuria moja, zikalegea, zikasahau mdomo wa jana, akazigawa upya bila kuangalia ilikuwa ya nani. Kufikia Jumapili ya Matawi alikuwa na magunia thelathini na moja. Alikuwa ameshakubaliana na Salimu, mwenye lori la Canter, kwamba Ijumaa Kuu saa sita mchana wapakie, wateremke Dar es Salaam. Video ikianza Jumatatu, yeye awe Kariakoo anafungua duka la simu. Hilo ndilo alilolitaka duniani: viazi vile vitoke mlimani kabla mtu yeyote hajajitazama kwenye kioo.

Bibi Efrazia hakuwepo majuma yote hayo. Alikuwa Magamba, akimlea binti yake aliyejifungua. Alirudi Jumamosi, akamkuta Glory ameketi na kofia mdomoni, macho mekundu. Akamwambia itoe niione. Akaigeuza, akainusa, akainusa tena.

"Mjukuu wangu, tangu lini unavuta ugoro?"

Glory akaapa hajawahi.

"Basi umevaa mdomo wa Abrahamu."

Glory alikimbilia nje. Aliporudi amesukutua mara saba, akalia, akasema anajua yeye si mrembo, alitaka tu kusimama mbele pale anapoanzisha wimbo. Efrazia akamwacha alie. Kisha akamwambia meno yake yananyoosheka, na wala hajachelewa, mgeni alikuwa mkubwa kuliko yeye. Ila kwa daktari wa meno, kwa vipimo vya mdomo wake mwenyewe, kwa subira. Si kwa sufuria.

Kwenda polisi hakukuwa na maana. Magunia walitoa kwa mikono yao, na Nathanaeli angeapa mbele ya askari kwamba meno yake yanasogea. Shavu lilikuwa limevimba kwa zile kofia mbili, na yeye aliuita uvimbe huo maendeleo.

Kesho yake baada ya ibada Efrazia akasimama. Akasema kwaya yetu iko kwenye masharti magumu, tuwasaidie. Juma Kuu lote hili, mtu asiwasalimie, na wao wasimsalimie mtu, wala mzee asiudhike. Wazee wakakubali, ni juma la ukimya hata hivyo. Nathanaeli akafurahi mno, akatangaza kwamba ghala litafungwa kwa kufuli, na Jumamosi meno yatapimwa kwa rula mbele ya watu, ndipo daktari achukue mali yake.

Lusajo, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa nje, alihisi magunia yake thelathini na moja yakimtoka mfukoni moja moja.

Jumanne Efrazia akamfuata Lusajo chumbani kwake na mahindi ya kuchemsha. Lusajo akamwamkia vizuri, akaitikiwa vizuri. Wakala. Bibi akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Nguo moja, wavaaji kumi, na kila mmoja huambiwa ni yake."

Lusajo akafikiri, akaona aibu kufikiri sana, akasema ameshindwa.

"Nipe mji."

"Nakupa Dar es Salaam, bibi."

"Kubwa hiyo, nitaifagia na nani? Nipe Mtae, dada yangu anakaa huko."

"Chukua Mtae."

"Blanketi la gesti," Efrazia akasema, akapukuchua punje nyingine. Lusajo alicheka kuliko ilivyostahili. Lakini bibi hakuongeza neno juu ya hilo. Alisema tu kwamba kwa kuwa wametaja Mtae, dada yake Wema ni mkubwa wa kwaya kule, waimbaji arobaini, wamesikia habari za kofia na wako tayari kutoa gunia la maharage kila mmoja. Alhamisi basi linapanda Mtae jioni, alfajiri linateremka. Na ufunguo wa ghala asiwe na wasiwasi. Kitovu cha Nathanaeli alikikata yeye bibi mwenyewe, hawezi kumnyima. Ijumaa saa sita, kama Salimu alivyomweleza, magunia yatakuwa barabarani, kabla ya rula.

Lusajo alipima. Viazi ni viazi, lakini maharage ni maharage. Tena mwanamke mzee, darasa la nne, anayeleta mahindi. Akamshukuru, akapokea barua ya utambulisho, bahasha imebandikwa kwa uji.

Ndani ya basi siku ya Alhamisi aliifungua kwa kisu, maana mwizi haamini hata barua inayomsifu. Ilikuwa imeandikwa Kishambaa tupu. Miaka sita milimani, na hakuwahi kujifunza lugha ya watu aliokuwa akiwaibia kilo. Hakuona faida yake. Aliona jina lake, akaona 22, akaona 40. Akaridhika kwamba bibi ameeleza masharti sawasawa, akaibandika tena kwa mate.

Mtae iko juu ya ukingo, upande wa pili hakuna ardhi, kuna hewa tu na tambarare chini kabisa. Mvua ilikuwa inanyesha. Bibi Wema alimpokea mlangoni, akavaa miwani, akasoma barua yote polepole, kisha akamtazama Lusajo kwa heshima kubwa na kuweka kidole midomoni.

"Bibi, mimi nimetumwa na—"

"Umeongea," Bibi Wema akasema kwa huzuni. "Mdogo wangu ameandika kwamba daktari anakuja kutuonyesha mfano. Saa ishirini na mbili kofia mdomoni, hasemi, hasalimii, hali. Akiweza yeye, kwaya nzima inanunua. Akiongea, tunaanza upya. Ndiyo masharti yako, siyo?"

Ndiyo yalikuwa masharti yake. Akavaa kofia, akaketi. Alijipa moyo kwamba magunia arobaini ya maharage yanastahili ukimya wa usiku mmoja.

Ijumaa palipokucha hakusikia mngurumo. Akatoka mbio, akaliona basi limeegeshwa chini ya mti, tupu, limeloa. Akauliza kwa sauti dereva yuko wapi. Bibi Wema akaja nyuma yake, akaangalia saa yake ya mkononi, akasikitika. Alimweleza kwamba dereva ni mzee wa kanisa, na basi la Mtae halitembei Ijumaa Kuu mpaka Jumanne, jambo ambalo kila mtu milimani analijua. Na kwamba, kwa kuwa ameuliza, saa ishirini na mbili zinaanza upya.

Alijaribu kwenda kwa miguu. Alifika daraja la kwanza, mvua ikamrudisha, na kila aliyekutana naye njiani alifunga mdomo na kumpisha kama anayepisha jeneza. Alijaribu kuomba ndizi kwenye nyumba moja. Mama mwenye nyumba akaificha ndizi nyuma ya khanga, kwa kumtakia mema, na habari ikamfikia Bibi Wema kabla yeye hajarudi. Upya tena. Kwaya ya watu arobaini ilipita kumwangalia, ikasimama mlangoni kimya, ikatikisa vichwa kwa kumstahi, ikaondoka. Jikoni maharage yalichemka kwa nazi. Mtu aliyeishi kwa ulimi maisha yake yote alikaa juu ya kigoda na plastiki ya bondia mdomoni, na ndipo kwa mara ya kwanza akajua vile vidude vinavyokwaruza fizi.

Jumamosi mchana saa zikatimia. Bibi Wema alikuwa ametoka ukingoni, mahali simu inaposhika mtandao, akarudi anaingiza simu kwenye kibindo. Akatandika mkeka. Akaleta ugali, akaleta maharage kwenye sufuria yenye kifuniko. Lusajo akatema kofia, akanyoosha mkono.

Bibi Wema akaacha kiganja chake juu ya kifuniko. Akangoja.

Ilimchukua Lusajo muda kuelewa. Siku tatu alikuwa nyumbani kwa mtu mzima na hakuwa amemwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za tangu juzi?"

"Nzuri." Maana salamu huku hujibiwa nzuri. Hata nyumba ikiwaka moto, kwanza ni nzuri, maelezo baadaye.

"Habari za Lukozi?"

"Nzuri."

"Za Mwenyekiti Nathanaeli, aliyevimba shavu mpaka amekwenda mwenyewe mstari wa nyuma?"

Mkono wa Lusajo ukasimama hewani. "Nzuri."

"Za Glory, atakayesimama mbele keshokutwa na meno yake yale yale, na wiki ijayo anapelekwa kwa daktari wa meno?"

"Nzuri, bibi."

"Na habari za magunia thelathini na moja, Salimu aliyoyapakia Alhamisi basi lako lilipokata kona tu, na jana yameuzwa yote Dar es Salaam, na kwaya imeshaambiwa fedha ni zake?"

Mvuke wa maharage ulikuwa unatoka pembeni ya kifuniko. Lusajo akauangalia, akameza mate.

"Nzuri tu, bibi," akasema.

Bibi Wema akafunua sufuria.